Picha Kati ya Mahindi ya Mbegu

Mdogo wangu ana picha nyingi za ndani kuliko za nje. Za nje nazijua mbili: moja ya siku yake ya arobaini, yeye na mama wote wamefumba macho, na nyingine baba aliipiga kwa simu, mdogo wangu amekalishwa juu ya tangi la pikipiki ya mteja. Za ndani hata mama ameshindwa kuzihesabu. Kuna za tumbo, kuna za kifua, kuna zile za mashine ya mduara. Watu wa Dar es Salaam ambao hawajui anapenda kulalia upande gani wameshaona figo zake na mapafu yake. Mimi niliyemwogesha tangu anatambaa nilizishika picha hizo mara moja tu, na nikaziharibu.

Nataka kuandika ilivyokuwa. Naandika kwenye kaunta buku la Jiografia, kurasa za nyuma ambako mwalimu hafiki. Kwa mdomo siwezi. Niko kidato cha tatu, na darasani wanasema mimi nimewekwa sailenti. Wakati mwingine mwalimu akiita jina langu wanajibu wengine, "Yupo, mwalimu, ila hana vocha."

Ule uvimbe niliugundua mimi. Tunakaa Chanika, hapa hapa Handeni mjini. Baba ni fundi pikipiki, mama anauza maharage na dagaa sokoni, kwa hiyo kumwogesha mdogo wangu na kumsuka ni kazi yangu tangu zamani. Jioni moja nampaka sabuni, mkono ukateleza ubavuni kushoto, chini ya mbavu, nikakuta kitu kigumu kama chungwa bichi. Nikabonyeza kidogo. Yeye akacheka, akadhani namtekenya.

Sikusema. Niliogopa kuulizwa, "Na wewe ulikuwa unambonyeza wa nini?" Kila siku nilimwogesha, nikagusa, nikakuta bado kipo, nikanyamaza. Siku tisa. Ya kumi mama alimvalisha gauni la Ijumaa, vifungo vikagoma.

Bibi yetu, mama yake baba, anakaa Kilole, Korogwe. Akapigiwa simu, akasema kwa sauti tuliyoisikia wote, "Hilo ni bandama! Mtoto ana malaria ya ndani, mnahangaika bure." Mama hakubishana naye. Kesho yake alimbeba mdogo wangu hospitali, na mimi nikafuata ili nisome karatasi, maana karatasi za hospitali zina Kiingereza kingi.

Chumba cha ultrasound kilikuwa na giza kidogo na pazia la kijani. Mtaalamu alikuwa kijana mpole, akampaka mdogo wangu mafuta ya baridi tumboni, akaweka kile kidude.

"Mbona TV yenu ina chenga?" mdogo wangu akauliza.

"Hii ndiyo TV ya tumboni kwako."

"Kuna katuni?"

Kijana akacheka. Akasogeza kidude kushoto, chini ya mbavu, akaacha kucheka. Akaweka msalaba mdogo huku na mwingine kule, kama mtu anayepima kiwanja, akaandika. Akapima tena. Nilijua palepale kwamba amekutana na chungwa langu. Alimwambia mama kwamba bandama halina shida, kitu kimetoka kwenye figo, na kwamba hapa kwao mwisho wa kuona umefika. "Mama, nenda Dar. Usipitie popote." Akarudia hayo ya mwisho akinitazama mimi, kwa sababu mama alikuwa amekaa chini.

Siku ya kuondoka nilimsuka. Niliona nimsuke mistari rahisi ya kurudi nyuma ili isimuumize kichwa akilala. Bibi alikuwa amekuja kuwaaga, akanipiga kibao cha mkono.

"We mke mwenzangu una akili? Mtoto anaenda hospitali unamsuka twende kilioni?"

Nilikuwa nimesahau kuwa mtindo ule unaitwa hivyo. Nikafumua yote. Basi likapiga honi stendi, nikawa nimefika nusu tu ya mtindo mwingine, mdogo wangu akaondoka kichwa kimoja kina nywele za namna mbili. Alichungulia dirishani akashika ule upande usiosukwa, akaniambia kwa ishara: utamalizia.

Sikumalizia. Nywele zilitoka zote kwa dawa.

Wiki zile za kwanza nilijifunza kwamba nyumba inaweza kuwa na watu na bado ikawa na nafasi tupu. Baba alikuwepo, alikuwa anarudi ananuka oili, anauliza, "Umekula?" Nilikuwa napika ugali wa watu wanne, nausonga, ndipo nakumbuka. Beseni lake la kuogea nililiinamisha uani, sikulitumia hata kwa kufulia.

Jioni mama alikuwa anapiga simu. Baba anaweka spika, tunakaa wawili kwenye benchi la gereji. Ni kwenye spika ile nilikoelewa ugonjwa. Mama alisema ni saratani ya figo, ambayo huwapata watoto wadogo, na madaktari wanasema inatibika ikifuatwa vizuri. Walimpeleka kituo cha picha nje ya hospitali, akaingizwa kwenye mashine ya mduara, siti skani. Mara ya kwanza alilia akajirusha, ikabidi achomwe dawa ya usingizi, maana mtoto akitikisika picha inakuwa ukungu.

"Wanapigia nini picha nyingi hivyo?" baba aliuliza. "Si wameshajua ni figo?"

Mama akaeleza alivyoelezwa na daktari. Picha ya kwanza inaonyesha uvimbe una ukubwa gani, umeegemea wapi, umekaribia mshipa gani mkubwa wa damu, na kama umetuma vipande mapafuni. Mapafu yalikuwa safi. Halafu anapewa dripu za dawa kali ili uvimbe usinyae. Halafu inapigwa picha ya pili, inawekwa kando ya ile ya kwanza, ndipo mpasuaji anajua apite wapi na akate wapi.

Baba alikuwa ameshika kabureta mkononi. "Kwa hiyo hawafungui mpaka waone."

"Hawafungui."

"Mimi injini naifungua kwa kusikiliza mlio tu," akasema, akaiweka kabureta benchini. "Wao wako sawa."

Kisha mdogo wangu alikuwa anapewa simu. "Dada, umekula nini? Dada, kuku wangu ametaga? Dada, huku kuna mtoto hana nywele kama mimi." Nilikuwa najibu mm, mm. Mambo yote niliyokuwa nimemwekea tangu asubuhi yanakwama hapa kooni. Nikikata simu ndipo nakuja kuyaandika.

Wakaja nyumbani Idi ilipokaribia. Dripu za awali zilikuwa zimeisha, daktari akawapa ruhusa ya siku kumi, na tarehe ya kurudi akaiandika kwenye kadi kwa wino mwekundu: siku hiyo ndiyo ya picha ya pili. Mama alishuka na bahasha kubwa ya kaki iliyofungwa kwa kamba. Ndani mna zile filamu za picha ya kwanza. Kwa kuwa zilipigwa kituo cha nje, daktari alisema warudi nazo, azilinganishe.

Yeye nilimpokea mgongoni moja kwa moja. Alikuwa mwepesi kama kikapu. Kichwa chake kilikuwa laini, nikawa sijui mikono yangu niiweke wapi, maana imezoea kushika nywele. Usiku nikamwogesha. Nikapitisha mkono ubavuni kushoto, taratibu. Palikuwa laini. Nilirudia mara tatu.

"Unanitekenya," akasema.

Kwetu mtu akirudi kutoka kwenye hatari anapelekwa kwa wakubwa wakamwone kwa macho. Kwa hiyo Idi ile tulikwenda wote Kilole kwa bibi, na bahasha nayo, kwa sababu Korogwe ndiko wangepandia basi la Dar. Nyumba ya bibi ina jiko la pembeni la udongo, na juu ya mafiga kuna dari la fito ambako anahifadhi mahindi ya mbegu. Anayafunga mawili mawili kwa maganda yake, anayapanga juu ya fito, moshi unayakausha na wadudu hawayagusi. Hadi mvua za masika zianze hakuna mtu anayeruhusiwa kuyagusa.

Bibi alimlaza mdogo wangu mkekani, akambonyeza tumbo lote kwa viganja vyake, akasimama.

"Limekwisha!"

"Limesinyaa, mama," mama akasema. "Halijaisha."

"Nani kasema?"

"Daktari."

"Daktari kashika? Mimi nimeshika."

"Yeye anaona ndani."

"Basi aone na mimi nilivyoona. Mtoto anakula, anacheza, anakimbiza kuku wa watu. Mnampeleka akachanwe nini?" Akaendelea kwa Kizigua, ambacho huwa anakihamia akikasirika. Wajomba waliokuja kutoka Mkumbara wakaitikia kwa vichwa. Mama akamfunika mdogo wangu tumbo. Baba akasema kwa upole kwamba tarehe iko palepale na kwamba watarudi.

Mimi nilikuwa upande wa daktari. Naapa nilikuwa upande wake. Mchana nilikuwa namlaza mdogo wangu chini ya meza ya bibi tukifanya mazoezi ya mashine, ili safari hii asichomwe dawa ya usingizi. Meza ndiyo mduara. "Vuta pumzi. Shika. Shika hapohapo. Achia." Alikuwa anaganda mpaka kope hazichezi. Nzi alimtua puani, hakutikisika. Nikimwambia achia, tunacheka mpaka bibi anauliza kuna nini humo ndani.

Siku moja chini ya meza ile akaniuliza, "Dada, na wewe utakuja kule?"

"Nina shule."

"Nikienda nitakaa siku nyingi?"

"Kiasi."

Akafikiri. "Mama akisahau zile karatasi nyeusi, hatuendi?"

"Labda," nikasema.

Neno moja tu, na mimi si mtu wa maneno. Lakini lilianzia hapo. Lilikaa kichwani mchana kutwa. Nikaanza kulipa sababu. Tumbo si limelainika? Bibi si mtu mzima, amelea watoto saba? Akikaa wiki moja zaidi, mbili, nitaogopa nini? Sikutaka mdogo wangu asitibiwe. Nilitaka tu asiondoke sasa hivi. Nimejaribu kuandika sentensi hiyo ipendeze, haipendezi. Nilimtaka awepo, basi.

Kesho yake wakati watu wako msikitini nilichukua ile bahasha nyuma ya kabati. Nikaenda jikoni, nikapanda juu ya kinu kilichoinamishwa, nikainua mahindi ya mbegu safu ya mbele, nikaitia bahasha chini yake, nikarudishia. Nilichagua pale kwa sababu hapaguswi. Ndilo lililokuwa kwenye akili yangu: hapaguswi. Moto uliokuwa chini yake sikuufikiria hata kidogo. Kwetu kitu cha thamani kinachotakiwa kisioze kinawekwa juu ya moshi. Mbegu, nyama, hata mipini ya majembe. Na ilikuwa Idi, na mvua ya kwanza ikanyesha, kwa hiyo pilau la ukoo mzima lilipikwa ndani ya jiko lile siku mbili mfululizo, magogo makubwa, sufuria ambamo mtoto anaweza kuoga.

Asubuhi ya safari bahasha haikuonekana.

Mama alitafuta kwa utaratibu kwanza, kisha akaanza kuinua vitu ambavyo bahasha isingeweza kuenea chini yake, sahani, kandambili. Baba akatazama kabati, akatazama kitanda, mwisho akamtazama bibi.

"Mama, toa picha."

"Picha gani?"

"Mama, nakuomba. Bila ile ya kwanza, daktari ataifananisha ya pili na nini? Basi linaondoka saa mbili."

"Wewe unaniambia mimi nimeiba?"

"Sijasema umeiba. Nimesema hutaki aende, na umesema mbele ya watu." Sauti ya baba ikapanda. Sijawahi kumsikia baba akimpandishia bibi sauti, na nadhani bibi pia hakuwahi, kwa sababu alikaa kwenye kigoda chake, akavuta kanga kichwani, akakaa kimya. Bibi yangu, mwenye sauti ya kufika Handeni bila simu.

Mimi nilikuwa mlangoni, mdogo wangu mgongoni, amevaa tayari sweta la safari. Kusema ni maneno mawili: niko nayo. Niliyafungulia mdomo. Yakakaa palepale siku tisa zilipokaa. Honi ya basi ilisikika barabarani, ikapita.

"Tumebaki?" mdogo wangu akaninong'oneza sikioni, kwa furaha. Hiyo furaha yake ndiyo niliyokuwa nimeitafuta. Ilinichoma.

Mchana mvua ilikatika. Baba alikuwa ametoka kwenda stendi kuuliza basi jingine, mama amelala upande akitazama ukuta. Bibi aliniita jikoni. Alikuwa amesimama chini ya dari, mkono mmoja kiunoni.

"Mke mwenzangu, mimi mahindi yangu huwa nalaza vichwa mlangoni. Haya yamelala vichwa ukutani."

Nikatazama chini.

"Na kinu kimegeuka."

Nilianza kulia. Nilijua atapiga kelele na majirani watajaa. Hakupiga. Alivuta kigoda akakaa, akaniacha nilie mpaka nikafika mahali pa kupumua.

"Kumbe tulikuwa wawili," akasema. "Mimi nilidhani ni mimi peke yangu nisiyetaka aende." Akajifuta macho kwa pembe ya kanga. "Mimi nimesema kwa mdomo, wakanipinga, nimenyamaza. Wewe umefanya kwa mikono. Sasa nenda kaseme."

"Sema wewe, bibi."

"Nikisema mimi watasema niliweka mwenyewe. Na hata wakiamini, wewe utabaki nalo."

Nilipanda kinuni nikaitoa. Bahasha ilikuwa imekauka mpaka inalia kama ganda. Mama alikuwa ameamka, baba naye anaingia uani na tope viatuni, bado amekasirika. Nikasimama mbele yao. Nilipanga kusema mambo mengi, kwamba nampenda, kwamba nyumba ni kubwa. Nikasema, "Ni mimi. Nilitaka abaki."

Baba akapokea bahasha, akavuta filamu, akainyanyua kwenye mwanga.

Ilikuwa nyeusi. Nyeusi yote, kama kioo cha simu iliyozimwa. Ya pili nyeusi. Ya tatu kona moja tu ilikuwa imesalimika, ile iliyokuwa imechomoza kando ya fito, na kwenye kona ile zilionekana mbavu tatu nyembamba na mwanzo wa mkono. Joto la moto lilikuwa limezipika. Tulisimama pale, mimi nikitazama mahali ambapo figo lilitakiwa kuwa.

Nilingoja kupigwa. Baba aligeuza bahasha, akasoma nje kulikoandikwa namba za kituo cha picha, akatoa simu. Alikosea namba mara mbili. Walipopokea aliweka spika, kama alivyozoea. Dada wa kule akasema picha haipotei, iko kwenye kompyuta, ila anayehusika na kuzitoa yuko likizo ya sikukuu, waje na kadi, wasubiri. Mama aliketi chini palepale kwenye tope na gauni lake la safari. Alikuwa anasema alhamdulillahi, tena na tena, bila kuinua kichwa.

Kwa bibi, baba alipiga magoti. "Mama, nisamehe."

"Ondoka huko," bibi akasema, "nilikuwa naweza kuficha kweli, sema sikuwahi." Mama akacheka, kicheko kilichochanganyika na kilio. Mimi hakuna aliyenisemesha mpaka jioni, na sikuona kwamba wamenionea. Mama ndiye aliyekuja, akakaa karibu, akasema, "Mwanangu, ukiona kitu uwe unasema. Hata kwa kuandika. Niandikie niwekee kwenye mkoba." Nikajua kwamba siku zote alizijua zile siku tisa.

Wakaondoka kesho yake. Walifika wakiwa wamechelewa, nafasi ya mashine ameshapewa mtoto mwingine. Wakasubiri picha ya kwanza itolewe, wakasubiri zamu ya picha ya pili, wakasubiri zamu ya mpasuaji. Jumla ilikuwa wiki mbili. Na ili uvimbe usipate upenyo katika kusubiri huko, daktari alimwongezea dripu moja. Dripu hiyo ni yangu. Nilimuuliza mama kwenye simu ilikuwaje, akasema alitapika kidogo tu. Najua mama anavyosema kidogo tu.

Lakini kwenye mashine mdogo wangu hakuchomwa dawa ya usingizi. Aliganda. Mama anasema wataalamu walikuwa wanamtazama kupitia kioo, wanamwambia vuta pumzi kwenye spika, naye alikuwa ameshavuta. Alipotoka akauliza, "Mmeona na ugali niliokula?" Daktari akaziweka picha mbili kando kwa kando kwenye kompyuta, akamwita mama aone. Mama ni mtu wa sokoni, akanieleza kisokoni: ya kwanza ilikuwa embe kubwa, ya pili limau, na kati ya limau na ule mshipa mkubwa sasa kulikuwa na njia nyeusi nyembamba. Njia hiyo ndiyo mpasuaji aliyokuwa anaisubiri. Akapita hapo. Figo la kushoto likatoka na uvimbe wake, zima, bila kupasuka. La kulia linatosha, wanasema.

Daktari aliuliza pia filamu ziliharibikaje. Mama akasema zilikaa juu ya jiko, kwenye mahindi ya mbegu. Daktari akacheka mpaka akavua miwani, kisha akatoka akawaambia kina mama wote wodini: picha zisikae karibu na moto. Mama akasema, "Umekuwa somo huku." Sikujua nicheke au nijifiche.

Sasa ziko dripu za mwisho, ili kama kuna kijipande kilichobaki kisichoonekana kwenye picha yoyote, nacho kiondoke. Bila zile wiki mbili zangu angekuwa hapa kwa wakati wa mahindi mabichi. Bibi alitupa mbegu za dari lile lile, baba akapanda shamba lote la nyuma mvua zilipokolea, na mdogo wangu kwenye simu akasema lisiliwe hindi hata moja bila yeye. Mimi nikahesabu. Mahindi yakishafika kuchomwa hayangoji mtu wiki mbili, yanakuwa magumu. Kwa hiyo nilibakiza mbegu kiganja kimoja, nikasubiri siku kumi na nne, nikapanda mstari mmoja peke yangu kando ya ukuta wa choo. Baba aliniona, akauliza kwa nini huu umechelewa. Nikamwambia. Kwa mdomo. Akaniletea mbolea.

Shamba lote sasa limebeba mahindi, nywele zake zinaanza kukauka. Mstari wangu bado ni kijani, mfupi, unaonekana kama wa watu wengine. Ile filamu yenye kona nimeibandika dirishani kwangu. Asubuhi jua likija, mbavu tatu zinatokea ukutani juu ya kitanda, na kile kipande cha mkono. Nalala upande wa ukuta, upande aliokuwa akilala yeye, nazitazama mpaka jua linapohama.

Jana jioni baba aliweka spika.

"Dada, nywele zimeanza kuota. Mama anasema ni laini kama za mahindi. Ya kwako yametoa nywele?"

"Yameanza," nikasema. "La tatu kutoka mwisho limetoa nyekundu. Na kuku wako ametaga na kuangua, ana vifaranga saba, mmoja mweusi, na nimepaka rangi beseni lako."

Nikamsikia akivuta pumzi, akaishika. Nadhani alishangaa maneno yote yale.

"Usiyasuke," akasema. "Nisubiri."

Leo yametoa mengine manne. Nywele zinaning'inia, laini, ndefu za kutosha kusukwa. Nimezipitishia kidole tu.